Unga wa Mguu Mmoja

Jumamosi moja ya Machi, salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ilipokwisha na majirani wakarudisha majembe ndani, Katungu alivaa kofia ya mumewe aliyokuwa ameishonea kipande cha chandarua, akavuta soksi za mpira wa miguu mikononi mpaka kwenye viwiko, akaenda nyuma ya nyumba kufungua mzinga. Mumewe, Apollinaire, alikwishakaa kwenye kigoda chake akipuliza kopo la moshi. Ndani ya kopo alikuwa ametia magunzi makavu na majani ya mkaratusi, kwa sababu moshi wa magunzi peke yake, kwa maoni yake, huwakasirisha nyuki bila kuwafundisha kitu.

Ilikuwa karibu saa tisa na nyuki walikuwa wanarudi kazini. Walikuja wakifuata barabara kubwa ya kutoka kaskazini, mstari mmoja mrefu, wakakata kona penye duka la dawa, wakapita juu ya ukuta wa Mama Furaha, wakashuka mlangoni pa mzinga. Kila mmoja alikuwa amebeba unga wa maua kwenye mguu mmoja wa nyuma. Mguu mwingine ulikuwa mtupu. Unga wa mguu huo ulibaki kwenye barrière.

Hapa Bungulu, mtaa wa Beni, hilo halikuwa jambo la kukaliwa kikao. Kila kinachoshuka kutoka kaskazini huacha kitu kwenye barrière, pale penye kamba ya kuzuia njia. Mwenye mkungu wa ndizi huacha kichana, mwenye makaa huacha kopo, mwenye baiskeli tupu huacha maneno mazuri. Nyuki hawana maneno, basi wakaacha unga. Mama Furaha, ambaye mbuzi wake wawili waliondoka Oicha wakafika mmoja, alisema nyuki wa Apollinaire wana bahati, wangeweza kuombwa mbawa pia.

Nyuki hao walikuwa wa Eringeti. Miaka mitano iliyopita, siku watu wote wa upande ule walipokimbia vita, pikipiki iliyokuja kuwachukua Katungu na mumewe ilikuwa na nafasi ya mzigo mmoja tu nyuma. Katungu alikuwa amekwisha kulikokota sanduku lake mpaka uani. Ndani mlikuwa na gauni la ndoa, picha, karatasi za ubatizo za watoto na karatasi ya shamba. Alirudi ndani kuchukua sufuria. Alipotoka, alikuta mzinga umefungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba, mlango wake umezibwa kwa majani ya migomba, na Apollinaire ameshaketi mbele yake.

"Na sanduku?" aliuliza.

"Mama Séphora, sanduku haina roho," Apollinaire akasema. "Hawa bako na roho."

Basi waliingia Beni wakiwa na mzinga wa nyuki, sufuria moja, na bote za mpira za shamba za Apollinaire, ambazo zilikuwa miguuni mwake. Tangu siku hiyo kila kitu kilichokosekana nyumbani kiliulizwa kwa nyuki. Padri akiomba karatasi ya ubatizo ya Séphora, Katungu alisema, "Tuulize nyuki." Binti huyo mwenyewe, aliyeolewa Butembo na kuuza vitenge sokoni huko, akipiga simu kuomba picha ya utoto wake, aliambiwa na mama yake aongee kwanza na nyuki wa baba. Apollinaire alicheka kila mara kana kwamba mzaha ni mpya. Baadaye Katungu alinunua sanduku jingine, la mbao ya libuyu, lenye kufuli, na akamwonya mumewe asilitazame hata kwa jicho la pembeni.

Mtu yeyote anayefuga nyuki atakueleza kwamba ukiusogeza mzinga hatua mia moja, nyuki watarudi pale pa zamani na kuzunguka hewani mpaka wachoke wafe. Ila ukiupeleka mbali, baada ya siku tatu wanasahau walikotoka na kuanza maisha. Kutoka Eringeti mpaka Bungulu ni kilometa karibu sitini. Hawa hawakusahau. Asubuhi ya nne walitoka mlangoni, wakazunguka juu ya bati mara mbili, wakashika barabara ya kaskazini, na alasiri wakarudi na unga wa maharage ya shamba lao wenyewe.

Tena si kwamba walikuwa walewale. Nyuki wa kazi haishi zaidi ya majuma sita msimu wa maua. Waliokuwa wanakwenda Eringeti leo walizaliwa Bungulu, na wazazi wa wazazi wao pia. Aliyezaliwa kule alikuwa malkia peke yake, malkia mrefu mweusi mwenye ncha ya ubawa iliyokatika, na inaonekana yeye ndiye aliyewaelekeza njia, kizazi baada ya kizazi. Agronome mmoja, bwana shamba Melchior, alipita na fomu zake akasema hakuna malkia anayefikisha miaka hiyo na hakuna nyuki anayekwenda umbali huo. Aliombwa akae mpaka saa tisa. Alikaa, akaona mstari unakata kona penye duka la dawa, akaonja asali, akaandika "rien à signaler", hakuna la kuripoti, kwenye fomu, akaondoka na chupa mbili.

Siku za ville morte, mji unapofungwa kwa mgomo, nyuki hawakutoka. Walikaa mlangoni pa mzinga wakipepea mbawa, kama wenye maduka.

Macho ya Apollinaire yalikuwa yameingia ukungu miaka miwili sasa. Ndiyo maana alishika moshi na mkewe akashika kisu. Yeye alikagua kwa masikio na pua, Katungu akamsomea mengine. Kwanza alitazama vikopo vinne ambamo miguu ya mzinga ilisimama, kama mafuta machafu ya moteri yaliyokuwa ndani bado yanatosha kuzuia siafu. Kisha alifungua kifuniko na kuinua mbao nyembamba za juu moja baada ya nyingine, kila ubao na sega lake. Alipomaliza alichota unga wa maua kidogo kwa ncha ya kisu, akauweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Rangi gani?" Apollinaire akauliza.

"Mweupe. Mweupe ya kuingia mu majivu."

Apollinaire alinusa kiganja muda mrefu. Uso wake ukalegea wote.

"Kahawa imetoa maua," akasema. "Mvua ya Jumanne njo imeipasua. Mama Séphora, shamba lote liko jeupe saa hii."

Katungu alijua kinachofuata. Kila Machi, kahawa ikitoa maua, mwanaume huyu alitafuta mfuko na kisu cha kupogolea, akaanza kuuliza bote zake ziko wapi. Na kila Machi Katungu alikuwa ameshazificha. Mwaka wa kwanza alizificha kwa Mama Furaha, wa pili ndani ya pipa la maji, na tangu wa tatu chini ya kitanda chao wenyewe, mahali ambapo mzee huyo hakufikiria kuinama. Bila bote hakuna mtu mwenye akili anayeingia kwenye majani marefu ya kule. Ndivyo alivyomzuia mwaka hadi mwaka. Kitsa, jirani yao wa mpaka wa shamba, alikuwa na bote na alikuwa na mke asiyemficha kitu. Alikwenda kupogoa kahawa yake juma moja, akasema atarudi Ijumaa. Ilirudi baiskeli, imeletwa na watu wasiotaka kuulizwa. Katungu alimpenda mumewe na ukungu wake wa macho na magunzi yake, na hakuwa tayari kuletewa baiskeli.

Ndipo Jumamosi hiyo, chini ya sega la saba, akaona vijumba vitatu vya nta vinaning'inia, vyenye umbo la karanga katika ganda lake.

Alivijua. Ndani ya vijumba vya namna hiyo hulelewa malkia mpya. Malkia mpya akikaribia kutoka, yule wa zamani hukusanya nusu ya watu wake na kuhama. Malkia mwingine yeyote angehamia kwenye mti wa mwavoka wa jirani na mambo yakaisha. Huyu, Katungu hakuhitaji kumuuliza angehamia wapi. Na Apollinaire alikwisha kusema wazi, mbele ya watu, tena bila kucheka: siku malkia atakaporudi Eringeti, njia imefunguka, maana huyo hajakosea njia hata mara moja, na yeye atamfuata nyuma yake.

"Uko naona nini?" Apollinaire akauliza kutoka kwenye moshi.

Katungu alivua soksi ya mkono wa kulia. Akavibana vile vijumba kwa vidole, kimoja, cha pili, cha tatu. Vilikuwa laini, na ndani mlikuwa na maziwa meupe.

"Asali iko," akasema. "Batoto bako mingi. Bon, tufunge, jua inawachoma."

Jumamosi iliyofuata vijumba vilikuwa vitano. Akavibana vyote. Akaongeza mbao tatu tupu pembeni, kwani msongamano nao huwapa nyuki wazo la kuhama, na pengine, alijiambia, malkia alitaka tu chumba kikubwa. Malkia mwenyewe alikuwa amesimama ukingoni mwa sega wakati huo wote, na ubawa wake uliokatika, akimtazama. Katungu aliona haya, akafunika mzinga upesi.

Katikati ya majuma hayo kulikuwa na jambo jingine. Siku ya Alhamisi nyuki walianza kurudi na unga kwenye miguu yote miwili. Alhamisi tu. Siku nyingine mguu mmoja kama kawaida. Katungu alimwambia mumewe, mumewe akasema labda kwenye barrière siku hiyo wanapumzika. Katungu akasema wale hawajawahi kupumzika.

Aliyewafungua macho ni Yassini, dereva, mtu wa sala tano na maneno machache, aliyekuwa akiegesha lori lake kwenye gereji nyuma ya parseli, kiwanja cha nyumba yao. Ni yeye aliyewapa mafuta machafu ya kuweka kwenye vikopo, na wao walimpa asali ya watoto. Alhamisi ya pili alikuja na kibuyu cha mafuta mkononi, akapiga hodi, akaketi.

"Muzee," akasema, "nilitaka kukuambia. Nyuki bako banapanda mu lori yangu. Kutoka kule juu. Banakaa juu ya mifuko, banatulia, tukifika hapa kwa kona ya dawa banashuka. Hapana sumbua mutu. Mais nikaona heri ujue."

"Na barrière?" Apollinaire akauliza.

"Lori hii hapana simamishwa, papa. Kamba banaiteremusha tu."

Apollinaire alisogeza kigoda karibu.

"Unapakiza nini?"

"Kahawa."

"Eringeti?"

"Mbele kidogo ya Eringeti. Unaacha barabara mukono ya kuume, unavuka kijito. Kuko mwavoka moja mukubwa ya mashina mbili, zimeshikana kama watu banasalimiana. Pale njo banatuletea mifuko."

Kwenye mwavoka ule Apollinaire alikuwa amefunga bembea ya Séphora. Katungu alikuwa amezaa chini yake, mvua ilipomkuta njiani kutoka kisimani.

Yassini alikuwa mtu wa kuelewa bila kuambiwa. Alikiweka kibuyu chini, akatazama vidole vya miguu yake.

"Papa, miye nabeba tu," akasema. "Banapakiza, nabeba. Mwenye kupakiza simujue, mwenye kupokea simujue. Nikikataa, kesho iko dereva mwingine."

"Najua," Apollinaire akasema.

"Naweza kukuletea kidogo uonje."

"Leta."

Akaenda kwenye lori akarudi na kahawa ya kujaa viganja viwili. Apollinaire aliinusa kama alivyonusa unga wa maua, akaipitisha kutoka mkono huu kwenda ule, akauma punje moja. Swali lake lilipokuja halikuwa lile ambalo Katungu alilitarajia.

"Bale batu," akauliza, "banapogoa muzuri?"

Yassini alisita. Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara na hakujua sana mambo ya kahawa, lakini alikuwa na macho.

"Hapana, papa. Banakatia chini sana. Matawi mingine banavunja na mukono."

Hilo ndilo lililomuumiza Apollinaire. Alikaa kwenye kigoda chake mpaka nyuki wa mwisho akaingia, akiifungua mikono na kuifunga. Njia ilikuwa imefungwa kwa ajili ya usalama wa wenye mashamba, hivyo ndivyo walivyoambiwa tangu mwanzo, na walikuwa wamekubali, kwa sababu nani hataki usalama. Kumbe kahawa yao ilikuwa inapita kila Alhamisi, imekaa juu ya lori, na nyuki juu yake.

Jumamosi ya tatu Katungu alifungua mzinga akakuta vijumba tisa. Aliinua mkono, kisha akaushusha. Malkia alitoka katikati ya watu wake akapanda kwenye kidole chake, kile kidole, akasimama hapo. Hakumuuma, kwani malkia haumi mtu. Alikuwa mwepesi sana kwa umri wake.

"Baba Séphora," Katungu akasema, "nimekudanganya."

"Vijumba?"

"Vijumba. Majuma mbili sasa. Nilivibana."

"Nilijua," Apollinaire akasema, akipuliza kopo lake polepole. "Jioni ile ulinipa chakula, vidole vyako vilikuwa vinanuka yale maziwa ya malkia. Nikasema, bon, huyu mwanamuke ananipenda."

Katungu alicheka, kisha akalia kidogo ndani ya chandarua, ambapo huwezi kujifuta. Akamrudisha malkia kwenye sega. Walishauriana. Ukibana vijumba tisa, watajenga ishirini. Nyuki wakishaamua, wameamua, na anayewazuia kila juma anaishia kuwa na mzinga wa wagonjwa. Hayo wote wawili waliyajua. Tena malkia alikuwa mzee. Kama angefia hapa, hawa wadogo wangebaki na mwavoka wa Mama Furaha na maua ya makaburini, na hakuna ambaye angekumbuka kuwa kuna njia ya kaskazini.

"Tumuache aende kwake," Apollinaire akasema.

"Na wewe?"

"Na miye nimusindikize. Nikate matawi tu. Yale banavunja na mukono, jeraha linaoza, muti unakufa. Siku mbili, Mama Séphora."

"Kitsa alisema Ijumaa."

"Najua vile Kitsa alisema."

Katungu alimtazama. Alikuwa na miaka sitini na minne, haoni mlango mpaka aushike, na alikuwa anaomba ruhusa kama mtoto anayetaka kwenda kuogelea. Alitaka kumkatalia. Alikuwa na maneno yote ya kumkatalia, aliyokuwa ameyapanga miaka mitano. Lakini alikuwa ameona vijumba tisa, na alijua hali ya kiumbe kinachobanwa kila Jumamosi na mtu anayekipenda. Akaingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoa bote, akazifuta vumbi kwa kitenge chake, akaziweka mbele ya miguu ya mumewe na kumwambia zilikokuwa.

"Chini ya kitanda," Apollinaire akasema. Hilo peke yake lilimshangaza.

Alhamisi asubuhi, kama saa tatu, jua lilipokausha bati, malkia alitoka. Walitoka pamoja naye karibu nusu ya mzinga, wakajaza ua kwa mngurumo, wakavuka ukuta wa gereji, wakatua kwenye pembe ya lori la Yassini, juu ya kioo cha mbele upande wa abiria. Walining'inia hapo kama fungu la zabibu nyeusi. Yassini alikuwa anakagua magurudumu. Aliwatazama, akasogeza kioo cha pembeni ili kisiwaguse, akamfungulia Apollinaire mlango.

Katungu alimpa mumewe mfuko: kisu cha kupogolea, viazi vya kuchemsha, chupa ya maji, sweta. Akamfunga vifungo vya shati vilivyokuwa vimekosana.

"Siku mbili," akasema.

"Siku mbili."

"Ukiniletea baiskeli, nitaitupa mu choo."

"Sina baiskeli," Apollinaire akasema kwa upole, akapanda.

Lori likaondoka tupu kuelekea kaskazini, likipiga kelele ya vyuma, na malkia mbele yake. Katungu alirudi ndani akatwanga sombe, majani ya muhogo. Alitwanga nyingi mno. Alifagia ua mara mbili. Mama Furaha alikuja kuazima chumvi akaangalia kigoda kitupu, akasahau kuomba chumvi, akaketi naye. Séphora alipiga simu kutoka Butembo. Katungu akamwambia baba yake yuko na nyuki, jambo ambalo lilikuwa kweli. Aliweka sahani mbili mezani saa sita, akaitoa moja, akairudisha.

Saa tisa ikafika. Alikwenda kusimama mlangoni pa parseli, kwa mazoea ya kuwatazama nyuki wanaorudi. Mstari ulikuwa unakuja kama kila siku, unafuata barabara. Lakini chini ya mstari kulikuwa na mtu anatembea, polepole, katikati ya wanafunzi na wauza maandazi, amenyoosha mkono mmoja mbele kugusa hewa. Mfuko ulikuwa mgongoni mwake na mfuko huo ulikuwa mweusi wote, unanguruma. Mtu alikata kona penye duka la dawa.

Mguu mmoja ulikuwa na bote. Mguu mwingine ulikuwa mtupu. Bote ya mguu huo ilibaki kwenye barrière.

Katungu alimwondolea mfuko mgongoni bila kuutikisa, akauweka chini ya kivuli, akamkalisha, akamletea maji ya kunywa na ya kuosha mguu. Apollinaire alieleza wakati mguu ukiwa kwenye beseni. Walipofika kwenye barrière kamba iliteremshwa kama kawaida. Kisha mwenye kamba akaona mtu upande wa abiria, akaipandisha tena. Akauliza huyu nani. Yassini akasema ni muzee anakwenda kupogoa kahawa. Akauliza kahawa ya nani. Apollinaire akasema, "Yangu."

"Pale njo tulikosea," Apollinaire akasema. "Ningesema nakwenda kubeba mifuko ya batu, pengine ningepita. Akasema, 'Mwenyewe hapana pita. Njia imefungwa kwa ajili yenu, muishi.' Akasema lori ipite. Nikamuambia, na nyuki? Akauliza, bako bafanyakazi? Nikasema hapana, hawa banarudi kwabo. Akasema basi, nabo bashuke."

"Bakashuka?"

"Malkia alishuka wa kwanza. Akakuja mu mufuko wangu. Lori ikapita."

Katungu aliendelea kuosha mguu. Moyo wake ulikuwa umejaa furaha mpaka akaogopa utaonekana. Mtu wake alikuwa hapa, na vidole vyake vitano, hakuna aliyemletea baiskeli. Kwa muda wa kama kupumua mara mbili alimshukuru mwenye kamba, alimshukuru kwa dhati, kama mtu anavyomshukuru daktari. Kisha akajisikia anachomshukuru, akaona aibu iliyomchoma kuliko nyuki.

"Nimefurahi," akasema, kwa sababu alikuwa amechoka kumficha vitu. "Bamekufukuza kwa shamba yako, na miye nimefurahi."

Apollinaire aliutafuta mkono wake ndani ya maji mpaka akaupata.

"Hata malkia alifurahi kidogo," akasema. "Nilimusikia. Miguu yake inauma."

Ilibaki kazi. Kundi lililokwishahama halirudi kwenye mzinga lilikotoka, kwa maana mna malkia mpya ndani na watauana. Linahitaji nyumba yake kabla ya jua kuzama, na hawakuwa na mzinga wa pili wala mbao. Apollinaire alianza kusema labda debe, labda kreti ya bia. Katungu aliingia ndani. Alisikika akifungua kufuli. Alitoa vitenge vyake, gauni la Pasaka, picha ya harusi ya Séphora, kadi mpya za ubatizo alizohangaikia miaka mitatu, akavipanga juu ya kiti. Kisha akalikokota sanduku la libuyu mpaka uani, akatoboa mlango mdogo mbele kwa kisu cha mzinga, akapaka nta ndani.

"Mama Séphora, iyo ni sauti ya sanduku," Apollinaire akasema.

"Shika moshi," Katungu akajibu.

Akaukung'uta mfuko mara moja, kwa nguvu. Nyuki wakaanguka ndani kama maharage. Malkia alitembea juu yao wote, na ubawa wake uliokatika, akaingia kwenye kona ya giza na kukaa. Waliliinua sanduku pamoja, wakaliweka kando ya mzinga, likiangalia kaskazini. Jioni hiyo, Yassini aliporudi, lori lake lilipita nyuma ya ukuta limejaa, na Apollinaire akainua pua.

"Yetu," akasema.

"Yetu," Katungu akasema.

Yassini alisimama mlangoni na kibuyu cha mafuta kwa ajili ya vikopo vinne vipya. Walimkaribisha sombe, ambayo ilikuwa nyingi.

Asubuhi iliyofuata nyuki wa mzinga na nyuki wa sanduku walizunguka juu ya bati mara mbili, wakashika barabara ya kaskazini, na saa tisa wakarudi kwa mstari mmoja, kila mmoja na unga wa kahawa kwenye mguu mmoja. Katungu alikuwa ameosha ile bote iliyobaki na kuianika. Ilipokauka aliingiza karatasi ndani ili isikunjane, akainama, akairudisha chini ya kitanda.